Pudini ya matabaka ya friji bila oveni: krimu haivimbi, embe linazama, biskuti za chini uji

MamaWawili
Habari za humu wadau. Naomba msaada wa pudini ya matabaka, ile ya kupanga tu na kuiacha friji ifanye kazi. Ni ya watu 20, Jumapili mchana, na kwa joto hili la Dar la Februari oveni siitaki hata kuiona. Mpango ni biskuti za Mari, krimu iliyopigwa na maziwa mazito ya kopo, juu embe.

Matatizo ya majaribio mawili ni haya. Krimu ya boksi ya kupikia, imekaa friji saa mbili, imepigwa kwa mashine dakika 15 na bado ni maji. Embe lililosagwa likimwagwa juu linazama ndani ya krimu. Biskuti za chini zimekuwa uji huku za juu zinaliwa kama zimetoka kwenye pakiti. Jaribio la pili embe lilitiwa jelatini, likashika vizuri kwenye friji, lakini nusu saa mezani likaanza kutiririka.

Umeme huku unakatika. Mayai mabichi sitaki. Na tafadhali nipeni vipimo, msiniambie "weka kiasi".

FundiPudini
Dada, anza na boksi. Geuza nyuma usome mafuta kwa kila mililita 100. Ikiwa chini ya gramu 30, usiitese mashine. Krimu ya kupikia nyingi ina kama gramu 20. Imetengenezwa kuukoleza mchuzi, haikutengenezwa kuvimba. Unayoitafuta ina 35.

La pili ni ubaridi, na hapa ndipo wengi wanaangukia hata wakiwa na krimu sahihi. Krimu husimama kwa sababu vitone vya mafuta vilivyoganda nusu vinashikana kuzunguka mapovu ya hewa na kuyafanyia ukuta. Vikipata joto vinalainika, ukuta unaanguka, unabaki na supu tamu. Ikishapita nyuzijoto 10 hivi huna chako. Boksi la lita moja halipoi katikati kwa saa mbili: lilaze usiku kucha nyuma kabisa ya friji, usiliweke mlangoni. Bakuli la chuma na mapigio ya mashine vikae friza dakika 20. Wakati wa kupiga, bakuli hilo likae ndani ya bakuli kubwa lenye barafu na maji kidogo. Na piga asubuhi mapema, kabla jiko halijawaka na jikoni hakujawa tanuri.

Mwendo: polepole mpaka povu dogodogo lijae juu, kisha wastani hadi mwisho. Ukianza kwa kasi ya juu unapata mapovu makubwa yanayopasuka baadaye, na pudini inashuka ndani ya friji bila mtu kuigusa. Simama pale mapigio yanapoacha njia kwenye krimu na ukiyainua ncha inasimama ila inainama kidogo. Ikianza kupoteza mng'ao na kuonyesha chembechembe, umefika ukingoni. Sekunde 20 zaidi ni siagi. Kwenye chembechembe bado unaweza kuiokoa: ongeza vijiko vitatu vya krimu baridi ambayo haijapigwa, koroga kwa mkono taratibu, italainika.

Vipimo vya sinia moja la sentimita 20 kwa 20, kimo 6. Unakata vipande 12, kwa hiyo watu 20 ni masinia mawili:

- biskuti za Mari, pakiti ya gramu 200
- krimu ya mafuta 35, mililita 400
- maziwa mazito ya kopo, gramu 200 (nusu kopo la 397)
- maziwa ya kawaida baridi, mililita 150, ya kuchovyea
- vanila kijiko cha chai, au hiliki punje sita zilizotwangwa
- chumvi, ncha ya kisu

Maziwa mazito nayo yakae friji. Kopo lililotoka kabatini kwa joto la Dar linakuyeyushia krimu yote uliyohangaikia. Yamwage kwa awamu tatu, ukikunja kwa mwiko wa mpira kutoka chini kwenda juu. Mashine usiiguse tena. Sukari usiongeze, kopo lina ya kutosha.

Sasa biskuti, maana kosa lako liko kwenye kuzichovya zote sawasawa. Unyevu unashuka na uzito uko juu, kwa hiyo za chini zinalowa mara mbili. Tabaka la chini chovya upande mmoja tu, kugusa na kutoa, upande mkavu utazame chini. La katikati pande zote mbili, hesabu moja. La juu hesabu mbili. Maziwa yawe baridi. Ya moto yanaingia kwenye biskuti kabla hujamaliza kusema "moja". Tisa zinakaa kwenye sinia hilo, tatu kwa tatu, na mapengo ya duara unayajaza kwa vipande vilivyovunjika. Usiyaache wazi. Krimu ikipita kwenye mapengo, ukikata unapata kifusi.

Krimu igawe mara tatu kwa mizani, au angalau kwa kikombe: kila tabaka linatoka kama milimita 8. Kati ya tabaka na tabaka rudisha sinia friji dakika 10. Krimu ya mwisho isawazishe kwa ncha ya kisu, halafu saa mbili friji kabla embe halijaja juu yake. Lako lilizama kwa sababu embe ni zito, na krimu yako haikuwa imesimama hata kidogo ya kulibeba.

Ukipenda kitako kigumu badala ya biskuti nzima: saga gramu 200, changanya na siagi iliyoyeyuka gramu 90, gandamiza kwa kitako cha glasi, friji nusu saa. Siagi inaipaka kila chembe na kuizuia kunywa maji. Ukizidisha hadi 120 kitakuwa jiwe, utavunja kijiko. Majarini za kupaka zenye mafuta machache zina maji mengi, kitako hakishiki.

Tui_Zito
Mkuu hapo juu kamaliza upande wa krimu, nichukue la embe kutiririka.

Jelatini inaanza kulainika kwenye nyuzijoto thelathini na kitu, na sebule ya Dar mwezi huu iko hapohapo. Hukukosea kipimo, umechagua kishikizo kisichofaa joto lako. Tumia agari-agari, ile Pwani tunaiita chaina grasi, ya faluda. Inashika ikishuka chini ya nyuzijoto 40 hivi, na ikishashika haiyeyuki mpaka karibu 85. Mezani haitikisiki. Pia inatoka kwenye mwani, kwa hiyo swali la jelatini ya mnyama gani halipo. (Mwani unaolimwa Paje na Jambiani kule Zanzibar ni wa aina nyingine, unatoa kishikizo tofauti kiitwacho karajinani. Usiuchemshe ukitegemea faluda.)

Kwa tabaka la juu la sinia la 20 kwa 20:

Embe lililosagwa na kuchujwa mililita 300. Dodo na mengine yenye nyuzi lazima yapite kwenye chujio, la sivyo kisu kitavuta tabaka zima. Maji mililita 150. Agari ya unga kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha, kama gramu 2 hadi 3. Ndimu kijiko cha chakula kimoja.

Nyunyiza unga kwenye maji yakiwa baridi, washa moto, koroga, yachemke dakika mbili kamili. Agari isiyochemka haishiki hata ukiilaza friji wiki. Epua, mimina kwenye embe huku unakoroga, ndimu iingie mwisho. Ndimu haichemshwi pamoja na agari, asidi na moto vikikutana vinaivunja nguvu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wanapata madonge na kulaumu pakiti. Embe liwe na joto la chumba, lisitoke friji. Piga hesabu: maji mililita 150 yenye nyuzijoto 95, ukimwaga kwenye embe mililita 300 lenye 30, unapata mchanganyiko wa kama 52. Unao muda wa kukoroga na kumimina. Embe hilohilo likiwa limetoka friji na nyuzijoto 5, mchanganyiko unaangukia 35, yaani chini ya pale agari inaposhika. Inagandia palepale kwenye bakuli, vipande vipande. Ikikupata, rudisha sufuriani uiyeyushe upya. Agari haina kinyongo, jelatini ndiyo hudhoofika ukiichemsha.

Koroga mpaka ifike kama 45, kidole kinavumilia. Moto zaidi ya hapo unayeyusha krimu. Mimina juu ya mgongo wa kijiko kilicholazwa karibu na krimu, ukizunguka, ili mmiminiko usitoboe shimo.

Kama umeme wako ni wa kubahatisha kweli, mimi ningeacha krimu kabisa nikatengeneza sinia la pili la tui na embe, matabaka mawili ya agari. Tui zito mililita 400, maji 400, agari ya unga gramu 6, sukari gramu 100, hiliki na chumvi kidogo. Maji, agari na sukari vichemke kwanza, tui lifuate, lipate moto bila kutokota. Ukimimina likiwa la moto sana mafuta ya tui yanapanda na linajigawa lenyewe: jeupe juu, la maji chini. Wapo wanaolipenda hivyo. Usipolipenda, koroga mpaka lianze kuwa zito, ndipo umimine.

Tabaka la embe lije juu pale tui linaposhika lakini likiguswa bado linanata kidoleni. Likishapoa kabisa linakuwa kama kioo, na ukikata, embe linateleza kutoka juu ya tui kama godoro kutoka kitandani. Ukichelewa, likwaruze kwa uma, paka maji ya moto kidogo kwa brashi, kisha mimina.

Wenye chaina grasi ya nyuzi: pima kwa mizani, usipime kwa kijiko. Gramu 10 kwa lita, iloweke nusu saa, ichemke hadi usione uzi hata mmoja.

Hiliki_na_Arki
Nakubaliana na yote ila nashangaa hakuna aliyetaja krimu ya mimea. Kwa joto hili ndiyo inayosimama. Inauzwa imeganda kwenye maduka ya vifaa vya keki. Iyeyushe ndani ya friji siku nzima, ipige ikiwa bado na vijibarafu. Inavimba mara tatu au zaidi, kwa hiyo badala ya mililita 400 weka 250. Nyingi zina sukari tayari: maziwa mazito yapunguze hadi gramu 100.

FundiPudini
Inasimama, kweli. Inabaki pia kwenye kaakaa kama umelamba mshumaa, kwa sababu mafuta yake yanayeyuka kwa joto la juu kuliko ya maziwa. Kwenye pudini ya baridi hilo linajionyesha zaidi kuliko kwenye keki. Suluhu ya kati: krimu ya maziwa mililita 200 na ya mimea 100, pigeni pamoja. Unapata ladha ya moja na mgongo wa nyingine.

MwanaMaskati
Salaam kutoka Maskati. Huku kuanzia Juni joto linapita 40 na pudini hizi ndizo chakula cha kila mwaliko. Kama krimu ya 35 haipatikani au ni ghali, kuna njia mbili zisizohitaji kupiga kitu.

Ya kwanza ni kishta ya kopo, yaani krimu nzito ya Kiarabu. Mafuta yake hayatoshi kuvimba, usijaribu. Lakini makopo mawili ya gramu 170, yaliyolala friji, maji yaliyojitenga yakamwagwa, ukichanganya na maziwa mazito gramu 200 na mtindi uliochujwa gramu 300, unapata krimu nzito ya kupanga kwenye glasi. Mtindi uchuje kwenye kitambaa cha melimeli juu ya bakuli, ndani ya friji, saa 12. Lita moja hukupa kama gramu 400, kutegemea uzito wake. Usipouchuja, maji yatakusubiri chini ya glasi.

Ya pili rahisi zaidi: kopo zima la maziwa mazito, gramu 397, na maji ya ndimu mililita 120. Ndimu ndogo tano au sita. Koroga tu. Asidi inazigandisha protini za maziwa, na ndani ya dakika mbili mwiko unaanza kuwa mzito mkononi. Friji saa nne inasimama kijikoni. Chuja kokwa na usikamue maganda kwa nguvu, uchungu unatoka kwenye ganda.

Hizi mbili hazikatiki vipande kama za krimu iliyopigwa. Ni za vikombe. Kwa watu 20 ningechagua vikombe vya plastiki vyenye kifuniko, mililita 200 kila kimoja, kwanza biskuti zilizovunjwa vijiko viwili, krimu vitatu, tunda viwili, rudia hadi sentimita moja kutoka ukingoni. Hakuna kukata, hakuna sinia kuanguka.

MamaWawili
Asanteni sana, nimeelewa sasa kwa nini embe lilitiririka jaribio la pili. Swali la nyongeza: sinia moja naweza kuweka nanasi badala ya embe? Au pasheni? Na papai je, maana ninalo.

Hiliki_na_Arki
Nanasi bichi, hapana. Lina kimeng'enya kinachokata protini. Jelatini ni protini, kwa hiyo haitashika kamwe, utasubiri mpaka Idi. Agari si protini, itashika, lakini usishangilie: kimeng'enya hichohicho kinaingia kwenye krimu na maziwa, na baada ya saa chache tabaka la mpakani linakuwa chungu na majimaji. Watu wanadhani maziwa yameharibika, kumbe ni nanasi.

Moto unakiua. Nanasi gramu 500 lililokatwa vipande vidogo kama punje ya dengu, sukari gramu 80, chemsha dakika 10 kwa moto mdogo. Korogea vijiko viwili vya chai vya unga mweupe wa mahindi, ule wa kukolezea, uliochanganywa na maji baridi. Dakika moja zaidi, epua. Lipoe kabisa kabla halijagusa krimu, na maana ya kabisa ni kwamba sufuria ikiguswa chini haina vuguvugu. La kopo limeshapikwa, lichuje sharubati tu.

Papai lina tabia hiyohiyo, na likipikwa linapata harufu isiyoendana na maziwa. La kwako kula tu asubuhi na ndimu.

Pasheni ni nzuri kuliko zote hapa, kwa sababu ukali wake unakata utamu wa kopo. Pasheni 10 zinatoa mililita 150 hadi 200. Zungusha kwenye blenda mara mbili tatu za kugusa na kuachia, uchuje. Ukisaga sana mbegu zinapasuka, rangi inakuwa ya kijivu na ladha ya mbao. Fuata vipimo vya Tui_Zito, ila maji yawe 250, pasheni 200, sukari gramu 60 na agari kijiko cha chai kilichojaa kidogo, na juisi iingie baada ya kuepua. Juisi iwe na joto la chumba, kama alivyosema kuhusu embe.

SandukuLaBarafu
Niongeze ratiba na umeme, maana hayo mengine yamekaa sawa.

Ijumaa usiku: krimu na makopo viingie friji, chupa mbili za lita mbili zenye maji yasiyofika shingoni ziingie friza. Jumamosi alfajiri piga na panga, tabaka la juu kabla ya saa tano asubuhi. Jumapili mchana biskuti zitakuwa zimelainika kama keki. Saa sita ndiyo kiwango cha chini, 24 ndiyo tamu yake. Siku ya tatu agari inaanza kutoa maji na biskuti kupoteza umbo.

Umeme ukikatika, hamishia zile chupa zilizoganda kwenye rafu ya pudini na usifungue mlango kuchungulia. Friji iliyofungwa hukaa salama kama saa nne. Ikipita hapo na huna barafu, pudini ya krimu usiiandalie wageni, hasa wazee na watoto, hata kama inanukia vizuri. Mezani, joto la chumba likizidi 32, saa moja tu. Chini ya hapo, mbili. Toa sinia moja, jingine libaki ndani.

Kukata: sinia liingie friza dakika 40, kisu kirefu kichovye maji ya moto, futa, kata, futa tena kila mkato. Kipande cha kwanza kitavunjika, hicho ni cha mpishi.

Na funika sinia kwa plastiki iliyokazwa tangu saa ya kwanza. Mafuta ya krimu yanabeba kila harufu iliyomo friji, na ukiwa na bakuli la dagaa rafu ya chini, wageni watalijua kabla hujalitaja.